Adelaide mpaka Uluru kwa gari mwezi wa kwanza, joto digrii 42, na jiwe moja lisilo letu

Kila niliyemwambia naenda Uluru Januari aliniangalia kama mtu aliyesema anaenda kuoga Mto Sabaki na mamba anawaona pale ukingoni. Ati nenda mwezi wa saba, kuna baridi, wenzako wote wanaenda mwezi wa saba. Najua. Lakini mie nafanya kazi nyumba ya wazee hapa Adelaide, Australia, Krismasi nzima nilikuwa zamu, na likizo ilipotoka ndo ikatoka hivyo, wiki moja ya Januari, ukitaka chukua hutaki wako wengine. Mke wangu akasema joto hilo nendeni wenyewe, akanipa kaka yake. Shem ni Mchagga wa Marangu, anakaa Melbourne, kazaliwa chini ya Kilimanjaro na hajawahi kuupanda hata siku moja, ila ukimgusa kuhusu milima anaongea kama ameujenga yeye.

Nikampigia mama Kaloleni kumuaga.

"Waenda Uhuru?"

"Si Uhuru mama. Uluru."

"Ndo nini?"

"Ni jiwe. Jiwe kubwa, liko katikati ya jangwa."

Kimya. Nilidhani laini imekatika.

"Kilomita ngapi?"

Nikamwambia elfu moja na mia sita hivi, kwenda tu. Akasema haya mwanangu, safari njema, na hilo jiwe ulisalimie.

Siku ya kwanza: Adelaide hadi Coober Pedy

Tulitoka saa kumi usiku ili jua litukute mbali. Kwenye gari tulikuwa na mitungi miwili ya maji ya lita 20, kuliboksi limejaa barafu na ndizi, pakiti za ORS, ile dawa ya chumvi na sukari ya mtu aliyekaukiwa maji, nilizotoa kwenye kabati la nyumbani, na mahamri ambayo shem aliyamaliza kabla ya Port Augusta. Baada ya Port Augusta ndo unaelewa nchi hii ni kubwa kiasi gani manake miji inaisha, kabisa, inabaki lami na vichaka na anga, na kila baada ya masaa mawili kuna kituo cha mafuta kimekaa peke yake kama duka la mtu aliyegombana na kijiji kizima. Ukiona mafuta weka mafuta, usijifanye mjanja ati bado nusu tenki.

Malori ya huku yanaitwa treni za barabarani na si utani, moja linavuta matela matatu, urefu mita 53 na ushee. Likikupita kutoka mbele usukani unavutwa kwanza kushoto halafu kulia na gari lote linapiga chafya. Shem alikuwa anaendesha lile la kwanza lilipotupita, akasema "Yesu na Maria," na hakusema kitu tena kwa kilomita kama 40 hivi. Pembeni mwa barabara kangaruu waliogongwa usiku, wengi, na juu yao tai wakubwa ambao hawasogei mpaka uwakaribie kabisa. Ndo maana watu wanakwambia jua likizama simama ulale, usiendeshe.

Coober Pedy tulifika mchana, kilomita 846 toka nyumbani, digrii 44 nje. Nimefungua mlango wa gari nikadhani kuna injini ya lori imewashwa mbele yangu, kumbe ni hewa tu, hewa ya kawaida ya pale. Huu ni mji wa wachimbaji wa opali, yale mawe ya vito, tangu 1915, na kwa sababu ya joto watu wengi wanaishi chini ya ardhi, nyumba zimechongwa ndani ya mwamba, na makanisa pia. Jina lenyewe wanasema limetokana na maneno ya wenyeji, kupa piti, yaani shimo la mzungu. Shem akacheka mpaka akakaa chini. Tulilala kwenye chumba cha chini ya ardhi, hakuna dirisha wala feni, joto ni kama la Nairobi jioni. Giza la mle ndani ukizima taa si la mchezo, mkono wako mwenyewe huuoni. Nililala kama jiwe, na neno jiwe kuanzia hapa mtalichoka.

Siku ya pili: Coober Pedy hadi Yulara

Kilomita 735 au zaidi kidogo, hadi Yulara, kimji cha wageni nje ya hifadhi ya Uluru. Ukivuka mpaka wa kuingia Northern Territory saa inarudi nyuma lisaa limoja kwa sababu wale kule hawasogezi saa mbele wakati wa kiangazi kama sisi wa Adelaide, kwa hiyo tukapata saa moja ya bure, ila tofauti na kwetu Afrika Mashariki ikawa masaa sita na nusu na hiyo nusu ilimsumbua shem siku zote, kila akitaka kupiga simu Moshi anahesabu vidole halafu anakata tamaa.

Udongo unabadilika taratibu. Kwanza wa kijivu, halafu wa kahawia, halafu ghafla ni mwekundu ule wa Tsavo, ule unaofanya ndovu wa Voi waonekane wamepakwa rangi. Nilisimamisha gari nikashika mchanga mkononi. Mweupe hakuna hata punje. Na hapo hapo pembeni ngamia watatu wanatuangalia. Shem akaniuliza hivi tumepotea tumetokea Somalia ama. Kumbe ngamia waliletwa karne ya 19 kutoka pande za India na Afghanistan pamoja na watu wa kuwaongoza, wakabeba mizigo ya jangwa hili lote, magari yalipokuja wakaachiwa porini wakazaana. Sasa wamejaa.

Pale Erldunda unaacha barabara kuu unakata kushoto, zimebaki kama kilomita 250. Njiani shem akapiga kelele "SHEM LILE PALEEE" na kweli mbele upande wa kushoto kuna mlima mkubwa mwekundu umekaa peke yake juu bapa. Tukasimama, tukapiga picha, nikamrekodi video akiongea na watu wake wa Marangu, akawapa na historia kidogo aliyoitunga hapo hapo. Ramani ikatuambia bado kilomita 100. Ule ni Mount Conner, wenyewe wanauita Artila, na kila mgeni anayekuja na barabara hii anauvaa mkenge. Video alikuwa ameshaituma.

Uluru yenyewe ilitokea jioni, ndogo kwanza, ya bluu hivi, halafu inakuja. Ada ya hifadhi ni dola 38 kwa mtu mzima na inakufaa siku tatu, kumbukeni hiyo siku tatu. Tukaenda sehemu ya kutazama machweo, tukakuta watu wamepanga viti na meza na glasi za mvinyo. Rangi zinavyobadilika sitaeleza, zimepigwa picha za kutosha na picha hazidanganyi. Kinachodanganya kwenye picha ni umbo. Kwa mbali unaona mkate wa boflo, laini, umekaa mezani. Nilikuja kuona kesho yake kwamba si laini hata kidogo.

Siku ya tatu: Uluru

Geti la hifadhi kiangazi linafunguliwa saa kumi na moja alfajiri na sisi tulikuwa gari la nne kwenye foleni. Sheria ya joto ni hii, na imeandikwa kila mahali: matembezi yako yamalize kabla ya saa tano asubuhi, lita moja ya maji kwa kila lisaa kwa kila mtu, kofia. Utabiri wa siku ile ulikuwa digrii 42. Njia ya kulizunguka jiwe ni kilomita 10 na nusu hivi, tambarare. Tukaanzia upande wa Mala saa kumi na mbili kasoro, nzi nao wakaanza hapo hapo. Nzi wa pale hawataki chakula chako, wanataka machozi yako, wanaingia machoni, puani, ukifungua mdomo kusema "nzi" ameshaingia. Nilinunua neti ya kuvaa kichwani juzi yake shem akanicheka ati nafanana na mfuga nyuki. Baada ya dakika kumi akaniuliza kama ninayo nyingine.

Jiwe lina urefu wa mita 348 kutoka chini na ukilisogelea linakuwa si jiwe tena, linakuwa ni mahali. Lina mikunjo na mapango na mashimo, lina michirizi myeusi ambako maji hushuka mvua ikinyesha, kuna sehemu ngozi yake inabanduka magamba kama kucha. Matabaka yake yamesimama wima karibu kabisa, yaani yalilazwa zamani kama mchanga chini halafu nguvu za ardhi zikayageuza yakasimama, na linaloonekana ni ncha tu, mengine yako chini huko.

Pale pale Mala ndipo watu walikuwa wanapandia. Mnyororo wa kushikilia walishautoa ila mstari bado unauona, mweupe mweupe, unapanda mgongoni mwa jiwe, umesuguliwa na viatu vya miaka na miaka. Walifunga rasmi tarehe 26 Oktoba 2019. Shem akasimama akautazama sana.

"Sasa shem, kwetu mtu anapanda mlima, anashuka, anapewa na cheti. Hapa tatizo nini?"

Nikamwambia nilivyosoma. Wenyewe ni Anangu, neno lao hilo maana yake watu tu, kama sisi tunavyosema bantu. Wana Tjukurpa, na hapo Kiswahili kinanigomea kidogo, si dini peke yake, si hadithi, ni sheria na asili na namna ya kuishi vyote kwa pamoja, na imeandikwa kwenye ardhi yenyewe. Ile njia ya kupandia ndiyo waliyopita wanaume wa Mala, mababu wa mwanzo, walipofika kufanya ibada yao. Kwa hiyo mtalii anapanda na soda mkononi kwenye njia ya ibada. Na zaidi ya watu 35 wamekufa pale, moyo, joto, kuteleza, na kila mgeni akifa kwenye ardhi yao Anangu wanasema msiba ni wao. Walikuwa wanaomba tu, tafadhali msipande, kwenye bango, kwa lugha kadhaa, na watu wanasoma bango halafu wanapanda. Wakawapa jina, minga. Maana yake siafu, ama sisimizi tuseme. Ukiangalia kwa mbali ndo walivyoonekana, msafara wa sisimizi.

"Na juu choo hakuna," nikamalizia. "Mvua ikinyesha vyote vinashuka kwenye visima vya maji hapa chini."

Shem akafikiria. "Hapo sasa nimeelewa," akasema. Theolojia yote ile haikumgusa, choo ndo kilimgusa.

Kuna sehemu unakuta kibao kinasema hapa usipige picha, na kuna nyingi upande wa kaskazini mashariki. Kwa sababu kuna mambo ya waume na mambo ya wake, na picha ikisambaa anaweza kuiona asiyepaswa kuiona. Hilo kwangu halikuhitaji maelezo. Mimi ni Mgiriama, nilikuwa na miaka 11 babu aliponipeleka Kaya Fungo, msitu wetu mtakatifu, mara ya kwanza na mara ya pekee. Huko kijiti tu hutoki nacho. Jani likikuganda kwenye nguo unalitoa kabla hujavuka. Kuna mahali tulifika babu akaniambia wewe ni hapa, akaendelea yeye na wazee wenziwe, nikabaki nimesimama msituni nasikia sauti zao tu, na hadi leo sijui walikwenda kufanya nini na sijauliza. Makaya yetu UNESCO waliyaandika urithi wa dunia 2008, Uluru 1987 kama maumbile, na 1994 wakarudi tena wakaandika kama utamaduni. Miaka saba ya kugundua kwamba hapa kuna watu.

Kufika saa tatu jua lilikuwa limeshakuwa adui. Jiwe lenyewe linakutemea joto, unatembea kati ya jua la juu na ukuta unaopumua kama mlango wa tanuri la mkate. Shem alikuwa hajanung'unika kwa robo saa nzima na hapo nikaingiwa na wasiwasi, manake huyo ananung'unika hata kwenye harusi. Kazi yangu ni wazee, najua mtu anavyokauka. Nikambana ngozi ya mgongo wa mkono nikaachia, ikakaa juu kidogo kabla ya kurudi. Nikamuuliza mkojo wa mwisho ulikuwa wa rangi gani, akasema shem acha hizo, nikasema jibu, akasema chai ya rangi. Nikamkalisha kwenye kivuli cha mti tukakaa dakika 20, ORS moja kwenye lita ya maji, ndizi mbili, kofia tumeilowesha. Akarudi taratibu, na nilijua amerudi alipoanza kulalamika kuhusu ndizi. Mkumbuke kivuli hiki.

Mutitjulu ni kisima cha maji kwenye kona ya jiwe, kimya, miti mikubwa, baridi kidogo. Hapa ndo hadithi ya Kuniya, chatu mke, aliyekuja kutoka mashariki na mayai yake. Mpwa wake wa kiume aliuawa kwa mikuki na Liru, wale nyoka wa sumu, na mama huyu akaja mpaka hapa amejaa hasira, anacheza ngoma ya hasira, akampiga shujaa wa Liru kichwani na fimbo ya kuchimbia. Pigo la kwanza dogo, la pili likamuua. Mapigo yote mawili yako ukutani, nyufa mbili, moja fupi moja ndefu, unaziona kwa macho. Shangazi anamlilia mpwa. Kuna mama mmoja mtalii alikuwa amesimama pembeni yetu anasoma kibao, akafuta macho, ila labda ni nzi.

Tulimaliza saa nne na nusu. Hatua za mwisho soli ya kiatu cha kulia cha shem ilibanduka, gundi imeyeyuka, inapiga makofi kila hatua, pa, pa, pa, hadi kwenye gari. Tukaifunga na kamba ya hema. Kiatu cha pili kilifuata mchana huo huo kikiwa kwenye buti la gari, hata hakijavaliwa. Simu yangu nayo ikaandika kwamba haitafanya kazi mpaka ipoe, nikaiweka kwenye kuliboksi na ndizi.

Mchana tulikimbilia kituo cha utamaduni, kimejengwa kwa matofali ya udongo, jengo limepinda kama nyoka wawili, Kuniya na Liru. Pale ndo nikapata mambo ya majina. Mwaka 1873 mpimaji mmoja, William Gosse, alifika akaliita Ayers Rock, kwa heshima ya Sir Henry Ayers, mkubwa wa serikali ya South Australia. Nyumba ya huyo Ayers bado iko North Terrace hapa Adelaide, napita nayo kwa basi. Halafu tarehe 26 Oktoba 1985 serikali ikawarudishia Anangu hati ya ardhi yao, kwa sherehe, na siku hiyo hiyo wakaikodisha tena kwa serikali miaka 99. Mtu wa Pwani akisikia miaka 99 anacheka kwanza ndo aulize swali. Ile tarehe ya kufunga kupanda waliichagua makusudi, miaka 34 kamili.

Siku ya nne: Kata Tjuta

Kata Tjuta ni vichwa vingi, ndo maana ya jina. Vichwa 36 vya mawe, kama kilomita 50 kutoka Yulara, na kirefu kuliko vyote kinaipita Uluru kwa karibu mita 200, mita 546. Jiwe la huku ni tofauti, limejaa kokoto na mawe ya duara yaliyogandishwa pamoja, unaangalia ukuta unaona zege la fundi aliyebania simenti. Hadithi za hapa hawazitoi, ni mambo ya wanaume wao na basi, hakuna kibao cha kueleza. Nilipenda hivyo. Unatembea hujui chochote na huambiwi.

Njia ya bonde la upepo ni kilomita 7 na nusu kasoro, ikitabiriwa digrii 36 au zaidi inafungwa saa tano asubuhi baada ya mahali pa kutazamia pa Karu. Sisi hata hatukufika kufungiwa, shem alikuwa amevaa malapa. Tulikwenda Karu, tukaangalia, tukarudi. Halafu korongo la Walpa, upepo unapita katikati ya kuta mbili unapiga kelele kama mtu anavuta bati. Saa nne tulikuwa kwenye gari.

Jioni kambini tukaenda kufua. Mashine inakula sarafu. Shem akageuza mifuko ya kaptula ya juzi juu ya meza, zikatoka sarafu, risiti, kifuniko cha chupa, na jiwe.

Dogo, kama kokwa la embe. Upande mmoja mwekundu wa kutu, upande uliovunjika wa kijivu na vipunje vinavyometameta. Ndivyo Uluru ilivyo kwa ndani, kijivu, wekundu ni chuma kimepata kutu kwa nje. Nikalitazama. Yeye akatazama mashine.

"La mtoto," akasema. "Nilisema nimpelekee mtoto zawadi."

"Shem."

"Ni kokoto shem. Liko jiwe la kilomita tisa kulizunguka, nani atahesabu?"

Sikumjibu vizuri, nilipandisha sauti, na nikaona mama mmoja anatoa nguo zake kwenye mashine haraka haraka. Tukatoka nje tukakaa chini. Nikamwambia habari ya vigango, na ni ajabu tumekuwa mashemeji miaka yote hii sijawahi kumwambia. Kwetu mzee wa Gohu, kile chama cha wazee wa Kigiriama, akifa anachongewa kigango, nguzo ya mti yenye kichwa na mikato ya pembetatu, anasimamishiwa pale bomani, ndo yeye sasa, unamwagia tembo, unazungumza naye. Mzee Kalume Mwakiru alikuwa na viwili vya nduguze. Mwaka 1985, mwaka ule ule wa Uluru, mtafiti wa Kimarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha amesimama navyo. Muda si mrefu vikaibiwa. Vikapatikana Marekani, kila kimoja kwenye makumbusho yake, na 2007 vikarudi kijijini. Vilirudi kwa sababu ya ile picha. Lakini makumbusho ya Denver, huko huko Marekani, walirudisha vingine 30, vilifika Kenya 2019, na hivyo havina picha. Wamerudisha, sawa, asante, lakini ni vya nani? Ukisimamisha kigango cha watu wengine bomani kwako umemkaribisha nani?

Shem alikaa muda. Halafu akauliza ile tiketi yetu inaisha lini.

Siku ya tano: Uluru tena, halafu kusini

Saa kumi na moja getini. Nilidhani litakuwa jambo jepesi, tunalirudisha pale alipoliokota tunaondoka. Tukaegesha, tukashuka, shem na malapa yake na jiwe mkononi kama mtu ameshika yai. Tukaanza kutembea. Baada ya nusu saa akasimama.

"Ilikuwa ni hapa?"

"Mimi sikuwepo ulipoiba."

"Ulikuwepo. Tulikaa kwenye kivuli, nikawa nalichezea. Kuna mti." Akaangalia. Miti iko mingi jamani. Tukaenda mti mmoja, tukaenda mwingine, kila mti una kivuli na kila kivuli kina kokoto nyekundu na kila kokoto ni kokwa la embe. Nikamwambia acha hapa chini tu basi, na mdomo wangu ulipofunga nikajisikia vibaya, kwa sababu ndo kile kile nilichokuwa nalaumu jana.

Tukaenda kile kituo cha utamaduni tukasubiri wafungue. Nyuma ya kaunta alikuwepo dada mmoja mzungu, kijana. Shem akaliweka jiwe mezani, akasema kwa Kiingereza chake cha heshima, samahani, nilichukua hiki. Yule dada wala hakushangaa. Akasema mawe yanarudi kila wakati, kwa posta, kutoka nchi mbalimbali, mengine na barua, watu wanaandika wamepata mikosi, ndoa imevunjika, mguu umevunjika, pokeeni jiwe lenu. Akauliza shem limetoka sehemu gani. Shem akaeleza mti. Dada akasubiri. Shem akasema kivuli. Dada akaandika tarehe kwenye kipande cha karatasi, na pale penye sehemu akaandika neno moja tu, akalifunga jiwe na karatasi kwa raba bendi akaliweka kwenye beseni la plastiki chini ya kaunta. Niliinamisha kichwa nikaona. Beseni lilikuwa na mengine, makubwa na madogo, moja limeviringishwa kwenye soksi ya mtoto.

Akatuambia kwamba hawawezi tu kulirudisha popote, kila upande wa jiwe una mambo yake na watu wake. Akasema asante kwa kulileta. Nadhani alimaanisha.

Nje kulikuwa na bibi wawili wa Anangu wamekaa kivulini, mmoja anachonga mjusi wa mti na kumchoma madoa kwa waya wa moto. Nikasema palya, ndo salamu niliyojifunza. Akajibu palya bila kuinua macho kwenye mjusi wake.

Tukageuza gari. Barabara ya kurudi ni ile ile, Mount Conner ikapita upande wa kulia safari hii na hakuna aliyesimamisha. Mpakani tulirudisha lile saa moja la bure. Hatukuongea sana. Karibu na Marla shem akauliza kama yule bibi wa mjusi angejua, angelionyeshwa jiwe, angejua ni la wapi. Nikamwambia labda. Akasema ningemuonyesha. Nikasema ungemuonyesha wapi sasa, tulishapita kilomita 500.

Coober Pedy tulifika gizani, kinyume na ushauri wote, tukiwa tumetambaa kilomita 60 kwa saa kwa kuogopa kangaruu. Chumba kile kile cha chini ya ardhi. Tukazima taa, giza lile. Nilikuwa nimeshaanza kupotea usingizini nikasikia sauti yake.

"Shem."

"Mm."

"Nimekumbuka. Ni kabla ya bomba la maji, ule mti ulioinama."

"Una uhakika?"

Kimya kirefu. Nilisikia anajigeuza kitandani.

"Au ni baada."